Ndege Tuliyoiita Mvua

Mwanangu Uyirwoth,

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba mbili. Mambo ya kuchemsha maji, kuvaa sweta na kutoazima wenzako sabuni, hayo bibi yako, Koko Veneranda, anakuimbia tangu Pasaka, sitayarudia. Weye umeenda kuaga masista, jua bado liko juu ya mabati ya jirani, na mimi nimeketi nyuma ya nyumba, karatasi juu ya ungo. Nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo, nitapiga kelele, weye utalia, na Koko atatoka jikoni kuuliza nani amekufa. Afazali niandike.

Juzi, mbele ya mgeni wetu, uliniuliza: "Mama, ni kweli wazungu wanatengeneza ndege ya vita ambayo rada haiioni?" Ulikuwa umelisoma hilo mu gazeti la padri, na macho yalikuwa yanakung'aa. Mgeni akacheka mpaka bia ikamtokea puani. "Uliza Mama Mvua," akasema, akininyoshea kidole. "Ile kazi yeye aliijua kabla ya wazungu!" Nami nikacheka. Nilicheka pamoja naye, Uyirwoth! Halafu nikaenda nyuma ya choo nikatapika, nikakudanganya kwamba ni samaki.

Yule mgeni unamwita Papa Koloneli. Ni yeye amekutafutia nafasi mu shule ya rada kule Kinshasa, na kesho ndege ya jeshi itakubeba bure kwa neno lake. Mimi nilimjua akiwa bado komanda hapa Bunia. Alipokuwa anatoka alinishika bega pale mlangoni, akanong'ona: "Mutoto akimaliza, nitamuweka kwa rada yangu. Atakuwa kama weye."

Basi nijibu swali lako, maana nilikaa mbele ya kioo cha rada na ninalijua jibu.

Nguo za jeshi nilizivaa kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya bendera. Baba yako alikuwa ameenda machimboni kutafuta zahabu, akapata mwanamke mwingine. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na vita, na wakubwa wetu waliogopa ndege za wageni. Wakatafuta wasichana waliosoma hesabu, wakaleta rada moja juu ya gari kubwa, wakaisimamisha kwenye kilima nyuma ya kiwanja cha ndege. Mwalimu wetu alikuwa mzungu mfupi, mbu walimtesa na hasira zake zote zilituangukia siye, lakini kazi yake aliijua.

Siku ya kwanza alitufungia ndani ya depo yenye giza, akanituma kifuniko cha sufuria. Akawasha tochi. "Rada ni tochi," akasema. "Inatupa mwanga ambao jicho haliuoni, kisha inangoja ule unaorudi." Nikamwelekezea kifuniko uso kwa uso, mwanga ukamrudia usoni mpaka akafumba macho. Nikakiinamisha kidogo tu, mwanga ukaenda kugonga ukuta, na yeye hakupata kitu, ingawa kifuniko kilikuwa kilekile na mkono wangu uleule. Halafu akachukua vifuniko viwili akavikutanisha kama pembe ya nyumba. Aye! Hapo hata usimame wapi, mwanga ulikurudia tu.

Kwa hiyo ndege haionekani sawa kila upande, mwanangu. Ile ndogo ya vita ikikujia pua mbele ni kitu kidogo, unaweza kuikosa. Ikikupa ubavu, inakua ghafla. Pale bawa linapokutana na tumbo, mdomo wa injini, mabomu yanayoning'inia chini, vyote hivyo vinarudisha mwanga. Na ikiruka chini kabisa, nyuma ya ile milima inayoshukia ziwani, haiuonyeshi mwili wake mpaka imefika mlangoni, maana tochi haitoboi mlima. Hao wazungu wa gazeti lako nafikiri wanatengeneza ndege iliyoinamishwa pande zote, mwanga uende kwingine usirudi. Ni hesabu nzuri, sikatai. Ningependa kuiona kabla sijafa.

Lakini ndege ya mizigo ya jeshi letu! Tumbo kama kanisa, propela nne, mkia uliosimama wima kama mlango wa depo. Hiyo ningeiona hata nikisinzia. Kwenye kioo ilikuwa punje moja nyeupe, ngumu, na kila mshale wa rada ulipozunguka, punje iliruka hatua mbele. Mvua nayo inaonekana kwa rada, usishangae, lakini mvua ni pamba. Inavimba, inalegea, inachanika, inakufa. Mutu aliyejifunza wiki moja hawezi kuchanganya punje na pamba. Yule mzungu aliporudi kwao aliniambia kwamba jicho langu ni zuri kuliko la wanaume wote wa kilima kile, na mimi mjinga nikatembea mtaa wote wa Nyakasanza kama bibi harusi.

Ndege ile ilikuja kila siku ya ine, yaani Alhamisi, siku ya soko la Kpandroma. Magari yalishuka kutoka milimani na viazi na maharagi juu, na chini ya viazi magunia ambayo hayakuwa ya viazi, magendo ya komanda. Ndege ilitokea upande wa ziwa, ikapakia, ikarudi upande wa ziwa. Mara ya kwanza niliita kwa sauti, kama nilivyofundishwa: "Komanda, ndege kubwa, inatoka ziwani!"

Alikuja nyuma yangu akinuka manukato. Akatazama kioo.

"Sergent, ile haiko ndege."

"Iko nini basi, komanda?"

"Iko mvua."

"Mvua mu jua hii?"

"Weye njo utafundisha mimi mvua?" Akaniwekea mkono shingoni, taratibu, kama mutu anayepima mbuzi. "Uko na mutoto moja, sivyo? Basi sema mvua."

Nikasema mvua. Ndani ya kiangazi, vumbi likitujaa mdomoni, kilima chetu kiliripoti mvua kila siku ya ine. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Mvua. Kwanza iliniuma, kisha nikazoea, kisha nikaanza kuitikia. Hapo ndipo ninajichukia zaidi, pale nilipoitikia. Kila mwisho wa mwezi nilipewa kilo za sukari na mafuta, na weye ulinenepa, na majirani walisema unapendeza.

Sasa sikiliza jambo la ng'ombe.

Majani mazuri kuliko yote Bunia yalikuwa kandokando ya kiwanja cha ndege, na hakuna serikali iliyoweza kuwaambia wafugaji waache majani ya bure. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Rada ikiona ndege, mimi ninapiga telefoni kwa mnara. Mnara unapiga king'ora. Muzee Bagamba, mchungaji wa pale, anasikia king'ora, anapiga mbinja zake, na ng'ombe wanatoka. Ndege inatua. Kila mutu alikuwa na sehemu yake na kazi ilienda vizuri, hata yule mzungu, aliyetucheka mwanzoni, mwishowe aliisifu.

Lakini mvua haipigiwi king'ora. Mji mzima ungesikia, mji mzima ungeuliza ni ndege gani. Kwa hiyo siku za ine king'ora kilinyamaza, na Muzee Bagamba akajifunza kutega sikio. Akisikia ngurumo kutoka ziwani anawatoa ng'ombe mwenyewe. Tuliishi hivyo muda mrefu. Hakuna aliyefikiri kwamba masikio ya muzee yanazeeka.

Siku hiyo anga lilikuwa safi, wingu hata moja hakuna. Upepo ulivuma kuelekea ziwani, ukairudisha ngurumo kule. Niliona punje ikitoka nyuma ya milima, niliona inakuja. Nikageuza kichwa, maana mlango wa gari letu ulitazama kiwanja, nikaona ng'ombe wametapakaa katikati ya njia ya ndege na muzee ameketi, mgongo wake kwetu, anachonga fimbo. Mkono wangu ulikuwa juu ya telefoni. Sikusema karibu na telefoni, nimesema juu yake. Nikamtazama komanda. Alitikisa kichwa.

Sikuinua.

Muzee aligeuka mwishoni. Angeweza kukimbia, lakini alirudi kumvuta mtamba mmoja. Sitakuandikia propela inafanya nini. Ndege ilitua, ikapakia, ikaondoka. Wale askari waliopakia waliruka damu ili wasichafue viatu, na mmoja alimkasirikia muzee kwamba amechelewesha kazi. Nakuapia.

Komanda alifunika maiti kwa blanketi la jeshi, akalishona pande zote kwa uzi wa magunia. Kisha akaniita. "Utaenda kwa familia. Weye ni mwanamke, watakusikia. Sema ni radi. Sema rada iliona radi."

Nilielewa palepale. Unajua desturi ya kijiji kile nyuma ya kiwanja: mutu aliyepigwa na radi haingizwi nyumbani, haliliwi kwa sauti, hafunuliwi. Anazikwa haraka, pembeni, jinsi alivyofungwa. Komanda hakuwa mwenyeji, lakini alikuwa ameuliza, amejifunza. Desturi ambayo wazee waliiweka kwa hofu ya Mungu, yeye aliiona ni kifuniko cha kumfaa. Kuna watu hata kwenye kaburi la mwenzao wanatafuta mahali pa kuficha gunia.

Nikaenda, na nguo zangu za jeshi, na jicho langu zuri. Nikasimama mbele ya mjane wa Bagamba nikasema: "Rada iliona radi." Hawakubisha. Mashini kubwa ya serikali, inayoona hadi ng'ambo ya ziwa, nani atabishana nayo? Walitazama juu tu. Anga bluu, jua kali. Na ndugu mmoja wa marehemu akasema polepole: "Radi bila wingu? Ile haiko radi ya Mungu. Iko radi ya kutumwa."

Hapo nilipaswa kupiga kelele. Nilisimama tu.

Kama radi imetumwa, lazima awepo aliyeituma. Hawakutafuta mbali. Kulikuwa na mama mwingine mjane, jirani yao, ambaye ng'ombe wa Bagamba walikula shamba lake la maharagi mara mbili. Alikuwa amemtolea muzee maneno mbele ya watu wote: "Bagamba, utaona!" Nani kati yetu hajawahi kumwambia jirani "utaona"? Siku ya tatu walichoma nyumba yake. Walimpiga mawe mpaka barabara ya Djugu. Mimi nilimkuta mu ukumbi wa kanisa, pale nyuma penye giza, jicho moja limefura, ameshika kopo la chumvi, kitu pekee alichookoa.

Ni Koko wako. Ni Koko Veneranda.

Weye ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba siku moja nyumba yetu ilipata bibi. Sista mkuu alinisifu kanisani kwa huruma yangu. Watu walisema, "Huyu askari iko na roho nzuri, amepokea hata mchawi." Nikazikubali hizo sifa zote. Niliacha jeshi, nikaanza kukaanga mikate ya sokoni, nikafikiri nimelipa. Amekulea, amekufundisha kusali, amekukanda mgongo ulipougua surua. Na mimi miaka yote hiyo nimekula ugali kutoka mikono yake bila kumwambia kitu.

Asubuhi hii tulikuwa tunachagua maharagi yako ya njia. Nilimwambia. Nilisema yote, telefoni, blanketi, neno la rada. Nilisema nikitazama ungo. Koko aliendelea kuchagua. Kisha akatupa jiwe dogo nje ya mlango, akasema:

"Weye unawaza siye tulikuwa vipofu?"

"Koko?"

"Siku ile nilikuwa mu shamba yangu. Ile ndege ilipita juu ya kichwa yangu, kivuli yake ikafunika maharagi yote. Niliiona. Muke ya Bagamba aliiona. Batoto waliiona, walikuwa wanaipungia mikono. Kijiji muzima kiliiona, kila siku ya ine."

"Kwa nini basi walisema radi?"

Alinitazama kama ananionea aibu. "Nani angeenda kuchoma nyumba ya komanda?"

Uyirwoth, nilikaa mbele ya rada nikijivuna kwamba mimi ndiye jicho, kumbe ndege ile ilionekana na mtoto aliyebebwa mgongoni. Haikujificha nyuma ya mlima. Haikuinamishwa ubavu. Ilikuja na tumbo lake lote, mchana kweupe, na siye sote tukageuka tukamtazama mwanamke mzee asiye na mutu. Ninaposikia kwamba kuna mahali wanatumia akili nyingi kutengeneza ndege isiyoonekana, ninataka kucheka na ninataka kutema mate. Hapa kwetu ilitosha mutu mmoja anayenuka manukato atikise kichwa.

Nikamuuliza Koko kama alijua ni mimi niliyelileta lile neno la radi.

"Nilijua. Njo maana nilikubali kuja kwako. Nilitaka kuona utanitazama usoni miaka ngapi bila kusema." Akasogeza ungo upande wangu. "Umekawia, mama. Chagua maharagi, jua inaenda."

Hakulia. Mimi nilikuwa nikilia mpaka kamasi, na yeye alikuwa anatafuta mawe ndani ya maharagi yako ili usivunje jino Kinshasa.

Sasa shida yangu na weye. Koko amesema kesho atakuja kiwanjani. Hajakanyaga kule tangu wamfukuze. Koloneli atakuwepo, unajua anapenda kuonekana anapofanya wema. Na wale wa kijiji cha nyuma watakuwepo, wanakuja kila ndege ikitua, watoto wa Bagamba nao. Koko anataka kumuuliza mbele yao wote, kwa salamu na heshima, kama aliona wingu siku ile. Na mimi nitasimama kando yake. Akikataa kujibu nitajibu mimi, kwa sauti ileile niliyofundishwa kwa kuita ndege. Mimi si shujaa. Lakini siwezi kukupandisha kwenye ndege ya mutu yule huku nimefunga mdomo, uende ukawe kama mimi.

Anaweza kukushusha. Nakuambia wazi. Anaweza kukunyang'anya nafasi palepale, na mimi sina mkubwa mwingine wa kukutafutia. Kazi yenyewe ni nzuri, Uyirwoth, na kichwa chako ni kizuri kuliko changu. Ningetaka uijue rada mpaka mifupa yake. Ningetaka siku moja mkono wako uwe juu ya telefoni kama wangu, na uinue.

Kwa hiyo nafasi ni yako na kuchagua ni kwako. Usiseme kitu leo. Nitaiweka barua hii ndani ya sanduku, juu ya sweta, na najua utafungua sanduku usiku kuhakikisha vitu vyako, hauniamini na kamba. Ukitaka tubaki nyumbani, kesho asubuhi uage hapa mlangoni. Tutakukumbatia, tutakupungia mikono, na hakuna atakayekuuliza neno, wala leo wala nikizeeka. Koko pia amekubali hivyo. Mimi ndiye niliyeweka sukari kinywani mwako kwa ajili ya ile mvua, deni halikuwa lako.

Ukitaka tuje, usiseme kitu pia. Umpe tu Koko upande mmoja wa sanduku alibebe pamoja nawe.

Amekwisha kupiga pasi kitenge chake.

Mama yako